Pikapu ya Pindo na Lango la Mita Moja

Jumamosi hiyo Redio alifika kijiweni na mkasi mkononi na kitambaa cha kunyolea begani, maana yake kuna mteja kaachwa kwenye kiti na nusu kichwa. Redio ni kinyozi, lakini nywele kwake ni kisingizio tu. Kazi yake hasa ni habari.

"Mmesikia?"

"Hata kama hatujasikia, utatusikilizisha," alisema Pimamaji bila kuinua macho kwenye kikombe.

"Leo saa sita pikapu ya Pindo inakatwa vipande!"

Benchi zima likageuka. Halikuwa benchi kubwa: Birika mwenye kahawa yake, Wakili, na Pimamaji, mwashi aliyepewa jina la kifaa chake cha kupimia unyoofu, mwenye mkono ulionyooka na ulimi uliopinda.

"Mkewe, shemeji yetu, kachoka," Redio aliendelea, akivuta kigoda. "Kamwita mtu wa chuma chakavu. Anakuja na mtungi wa gesi. Kampa mume wake masharti: mpaka saa sita gari liwake, litoke uani, la sivyo linatoka kwenye mkokoteni, mlango siku yake, usukani siku yake. Anataka kamba yake ya nguo irudi mahali pake."

"Masikini Pindo," alisema Birika, akimimina.

"Masikini wa nini?" Pimamaji akaweka kikombe chini, sasa kazi ilikuwa imeanza. "Miezi minane mnaliita gari. Gari lina injini. Lile lilikuja na kiota cha kuku."

"Na kuku mwenyewe ndani," alisema Redio.

"Tena huyo kuku ndiye alikuwa kitu pekee kinachofanya kazi mle. Alitaga."

"Lilikuwa rahisi lakini," Birika alijaribu kutetea.

"Rahisi! Mtu anakuuzia gari, halafu anakusaidia kulisukuma mpaka kwako, halafu anakushukuru, halafu wiki hiyo hiyo anahama mtaa. Hapo hujanunua, hapo umesaidia mtu kutupa taka."

Wakili akakohoa. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na sita, akibeba mafaili bila kuyafungua, na hiyo ndiyo elimu yake yote ya sheria.

"Kisheria," alisema, "chombo ni gari kikiwa kinatembea. Kisipotembea ni jengo. Na jengo linahitaji kibali."

"Andika hiyo, mheshimiwa," alisema Pimamaji.

"Na alianza kutengeneza nini?" Redio akapiga paja. "Si alianza na viti?"

Kweli alianza na viti. Pindo ni fundi cherehani, na mtu akikutana na balaa huanza na kile anachokijua. Kabla ya injini, kabla ya matairi, alishona viti upya, mishono miwili miwili, kingo zimekunjwa vizuri kama suti ya harusi. Halafu akatia mapazia madirishani. Kwa miezi mitatu pikapu ilikaa juu ya matofali, haina gurudumu hata moja, lakini ina mapazia.

"Mimi nawaambia," alisema Pimamaji, akisimama kabisa ili aape vizuri, "siku lile dude litakapotoka uani kwa nguvu zake lenyewe, ule ukuta nitaubomoa kwa mikono yangu hii!"

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Walicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, kwa sababu wote walijua habari ya ukuta. Wote, isipokuwa Pindo.

Ilikuwa hivi. Miezi miwili nyuma, Pindo alitaka uwanja wake uzungushiwe ukuta, na kazi akampa Pimamaji, mtu wake. Alimpa na karatasi. Alikuwa amelipima gari kwa tepu yake ya shingoni kama anavyompima mteja, akaandika: *Pikapu. Mabega: mita moja na sabini. Lango: mita mbili na nusu, nimeacha na akiba ya kukunja.* Pimamaji alimwonyesha shemeji ile karatasi, shemeji akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akasema, weka la watu tu. Pimamaji akaweka la watu. Mita moja kamili, imenyooka, unaweza kuipima mpaka kesho.

Na Pindo hakuona. Siku zote za ujenzi alikuwa chini ya gari, imebaki miguu tu nje. Ukuta ulipokwisha akawa anapita langoni asubuhi na jioni, na kwa kuwa yeye mwenyewe anaenea, hakuona tatizo. Mtaa mzima uliona. Mtaa mzima ulikuwa ukisubiri siku ya kucheka.

"Leo atakapoona..." Redio alianza.

Hakumaliza. Kutoka nyumba ya tatu kulisikika kikohozi kimoja, kikavu. Kikafuata cha pili. Halafu ngurumo, ikashika, ikatulia, ikaendelea. Vikombe vya Birika vikaanza kugongana kwenye sinia.

Hakuna aliyecheka.

"Hiyo mashine ya kusaga," alisema Pimamaji.

"Mashine ya kusaga iko upande ule."

"Basi radi."

"Na jua hili?" Birika alikuwa ameshasimama, birika mkononi. "Limewaka lile! Pindo kaliwasha!"

Pimamaji alikaa. Akatazama magoti yake, na pale magotini mwa suruali akakutana na viraka viwili vya ngozi, nadhifu, vya kumkinga anapopiga magoti kwenye zege. Pindo alimshonea bila kuombwa, akakataa hata kushukuriwa. Aliona haya, ndiyo, na haikuwa haya ndogo.

Pindo akatokea kwenye kona mbio mbio, oili mpaka viwikoni, tepu ikimpepea shingoni. Alisimama mbele ya benchi. Machozi yalikuwa yanamchorea mistari kwenye masizi ya uso.

"Limewaka, jamani. Nimeliacha linanguruma. Limewaka!"

"Hongera, ndugu yangu," alisema Birika.

"Twendeni! Saa sita haijafika. Nimeshona mito minne ya kukalia, kila mmoja nimemdarizia jina lake. Redio, Birika, Wakili, nyinyi nyuma kwenye bodi. Pimamaji, wewe mbele na mimi."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu bila wewe lisingewaka." Pindo akatoa mfukoni mwa shati daftari dogo la vipimo. "Mimi nilikuwa najua nini kuhusu magari? Ila kila ulichosema hapa kijiweni, nilikuwa nikifika nyumbani naandika. Ulisema, 'Lile hata breki halina.' Nikaenda kutazama: kweli, halina! Nikatafuta breki. Ulisema betri yake labda ya tochi. Nikatazama, betri haipo kabisa. Plagi, rejeta, feni, mkanda wa feni. Nimefuata maneno yako moja baada ya jingine. Hakuna kitu ambacho hukunitajia, bwana."

Wakili alikohoa. Redio akajifanya anatazama mkasi. Pimamaji alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ile aliijua, ngumu, ameichimba misingi mingi.

"Pindo," alisema. "Kuna kitu kimoja sijakutajia."

Akamtajia.

Pindo akawatazama mmoja mmoja usoni.

"Nyote mlijua?"

"Kisheria..." alianza Wakili.

"Wakili, nyamaza," alisema Pimamaji. "Tulijua. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Saa hizi ni saa ngapi?"

"Saa tano na robo," alisema Redio.

"Nani ana nyundo kubwa?"

Alikuwa nayo mwenyewe, ila aliuliza ili asiende peke yake. Na hapo ndipo mtaa ulipopata ushahidi kwamba Pimamaji ni mwashi kweli, maana ule ukuta uliwakataa. Alipiga yeye, akapiga Redio, akapiga Birika, akapiga hata Wakili, mara moja, kisha akatangaza kwamba ana mgongo. Tofali la kwanza lilichukua dakika kumi.

"Simenti hii uliweka ngapi kwa ngapi?" Redio alihema.

"Niliweka ya kutosha!"

"Ungeiba kidogo kama wenzako!"

Shemeji alisimama barazani, mikono kiunoni, kapu la nguo mbichi miguuni.

"Shemeji, si wewe uliyesema niweke la watu?" Pimamaji alimlilia.

"Nilisema uweke la watu. Nilikuambia mwenzako umfiche?"

Pimamaji akapiga nyundo. Kila tofali lililoanguka lilimuuma; katika maisha yake yote haukuwahi kubomolewa ukuta aliousimamisha yeye. Saa sita kasoro dakika nane Pindo alitandaza tepu yake kwenye uwazi. Mita mbili na nusu, na akiba ya kukunja.

Wakapanda. Mapazia yalifungwa kwa tepe, viti vilikuwa laini kiasi cha kumtia mtu usingizi, na kwenye mto wa mbele jina la Pimamaji lilikuwa limedariziwa kwa uzi wa njano, na pimamaji lenyewe limechorwa chini yake, kiputo chake kikiwa katikati sawasawa. Pimamaji alikaa juu yake taratibu, akitazama mbele.

Pindo akatia gia. Pikapu ikatikisika, ikasogea. Ikasogea tena! Kule nyuma Redio akapiga yowe. Pua ikatoka langoni, milango ikatoka, kivuli cha ukuta kikapita juu ya mapaja ya Pimamaji, halafu gari likakohoa mara mbili na kuzima. Nusu njiani, nusu uani.

Pindo alijaribu ufunguo. Akajaribu tena. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akabaki hivyo.

Na hapo hapo mtu wa chuma chakavu akafika, anasukuma mkokoteni wenye mtungi wa gesi, miwani ya kuchomelea imekaa kichwani.

"Hodi hapa. Mama, gari lenyewe ndilo hili?"

Shemeji alikuja polepole. Akatazama uwazi kwenye ukuta wake. Akatazama mkono wa mumewe ulioning'inia nje ya dirisha, mweusi mpaka kwenye kiwiko, vidole vina malengelenge.

"Gari gani?" aliuliza.

"Si hili la chuma chakavu."

"Hilo geti langu."

"Geti? Lina magurudumu!"

"La kisasa. Ukilikata, mimi nitafungia nini uwazi wote huu? Wewe utalala hapa ulinde?"

Yule mtu alifungua mdomo, akamtazama Wakili kule juu ya bodi, labda kwa kuwa ndiye aliyekuwa amevaa tai.

"Kisheria," alisema Wakili, "lisipotembea ni jengo. Na geti ni sehemu ya jengo."

Mkokoteni ukageuzwa. Shemeji akarudi kwenye kapu lake, akachukua shuka la kwanza, akalianika kwenye bodi ya pikapu, juu ya kichwa cha Redio.

Mle mbele Pimamaji alikuwa ameshaanza kufikiri. Breki ilikuwepo. Betri ilikuwepo. Akainama, akatazama geji moja ndogo nyuma ya usukani ambayo mshale wake ulikuwa umelala chini kabisa.

"Pindo. Humu ulitia mafuta kiasi gani?"

"Chupa moja ya soda," alisema Pindo bila kuinua kichwa. "Ya kujaribia. Kama sisi mafundi cherehani tunavyopiga bandi, mishono ya muda, kwanza."

"Na mengine?"

Pindo akainuka. Akatoa daftari, akapekua kurasa kuanzia mwanzo, kidole kikishuka mstari kwa mstari, mpaka ukurasa wa mwisho. Akaligeuza, akamwonyesha.

"Mafuta," alisema, "hukuwahi kuniambia."