Mfumo Uliojibu Salamu

Gibson Kiplangat hakuwa na kazi ya kuelezeka kanisani, lakini masikio yake yalikuwa kazini siku zote. Ndiyo maana asubuhi ile, hotelini Boito, alipomsikia mzee wa meza ya pili akilalamika, aliacha mandazi yake nusu.

"Saruji imeenda Siongiroi mara mbili!" mzee alikuwa akisema. "Na sisi hapa tunangoja tu. Programu moja inasema jengo la Boito limekwisha, ile ingine inasema halijaanza. Sasa mtu ataamini gani?"

Mzee huyo alikuwa Benard, mwenyekiti wa Ushirika wa Kimoson, wa wakulima wa chai na maziwa. Ushirika ulikuwa unajenga vituo vya kupoza maziwa, na wafadhili waliwapa programu mbili za kuwasaidia. Moja ilikuwa bodi ya kazi: nani anafanya nini, na amefika wapi. Nyingine ilihifadhi kumbukumbu za mikutano na maelezo ya kila mradi. Zote zilikaa ndani ya kompyuta moja na hazikusemezana, kama wake wenza walionuniana.

Mtu mwema angempa mzee pole kisha amalizie chai yake. Gibson alivuta kiti, akasalimia kwa Kikipsigis.

"Chamgei, mzee. Shida yenu ni ndogo sana. Dawa yake ni kuunganisha."

"Kuunganisha inafanywa na nani?"

"Na mfumo. Na mfumo ninao."

Mfumo hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni Dolphine Ajwang.

Dolphine alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa majani chai, Kericho, na alikuwa karani wa shule mpaka shule ilipoishiwa na wanafunzi. Vidole vyake vikishika kompyuta, ungedhani mvua imeangukia mabati. Gibson alimkalisha kwenye chumba cha kukodi mjini Kericho, akampa maneno ya siri ya programu zote mbili, aliyoyapata kwa mzee Benard, na maagizo.

"Kitu kikibadilika kwa bodi ya kazi, wewe unakiandika kwa kumbukumbu. Kikibadilika kwa kumbukumbu, unakiandika kwa bodi. Haraka! Wewe sasa ni mtambo."

"Mtambo hukula nini?"

"Dolphine, dada yangu, wewe ni mkurugenzi. Wakurugenzi hawaulizi chakula."

Basi mkurugenzi akawa anatumiwa kredo ya simu, na ahadi.

Siku ya maonyesho, wajumbe walijazana ofisini. Mama Janeffer, karani wa ushirika, akaandika kwenye bodi ya kazi: saruji ya Boito imefika. Gibson akainua mkono kama mchungaji anayetoa baraka. Dakika mbili hazikuisha, kumbukumbu zikajibadilisha zenyewe, tena pale Janeffer alipokosea tarehe, tarehe ikarekebishwa. Wajumbe walipiga makofi. Wakampa Gibson miezi mitatu ya majaribio, na mkataba wa miaka mitatu utiwe sahihi Jumamosi ya mkutano mkuu, majaribio yakiisha.

Hapo ndipo mjanja wetu alipofanya ujinga wa watu wajanja: alimwambia mama yake.

Mama alikuwa akikaa Merigi, na alikuwa amengoja habari kama hiyo miaka kumi na miwili. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatangaza kuwa Gibson wake ameunganisha Boito na Siongiroi kwa kompyuta, na kwamba siku inayofuata mkutano mkuu kutakuwa na ibada ya shukrani. Mbuzi akanunuliwa. Sasa mkataba ukawa mzito kuliko pesa zake. Usipotiwa sahihi Jumamosi, Jumapili Gibson angesimama mbele ya Merigi yote bila kitu cha kushukuriwa, na mama yake pembeni akiwa na kitambaa kipya kichwani.

Lakini kulikuwa na Janeffer na malezi yake.

Janeffer hakujua kumtuma mtu, wala kitu, bila kukisalimia kwanza. Kwa hiyo kila kazi aliyoiandika kwenye bodi ilianza hivi: "Chamgei. Umeamkaje? Tafadhali andika kwamba mabomba yamefika Merigi." Gibson alipoona, alicheka mpaka akapaliwa. Wiki ya pili akafungua kumbukumbu, kicheko kikakauka. Chini ya mabomba ya Merigi kulikuwa kumeandikwa: "Chamgei mising, mama. Nimeamka salama. Mabomba nimeyaandika. Pole kwa yule ng'ombe wenu."

Akakimbia Kericho.

"Dolphine! Mtambo unatoa pole ya ng'ombe?"

"Mama wa watu ameniandikia amefiwa na ng'ombe ya maziwa, ninyamaze?"

"Ndiyo! Unyamaze! Wewe ni umeme!"

"Mtu akinisalimia naitika. Mimi sikulelewa na transfoma."

Gibson akarudi Boito akiwa na uongo mpya mdomoni. Aliwaambia wajumbe kwamba hiyo ni akili bandia, kitu cha kisasa kabisa. Mzee Benard akatikisa kichwa kwa heshima. "Ni bandia," alisema, "lakini iko na adabu kushinda watoto wangu."

Ila Dolphine aliapishwa asijibu salamu tena. Siku tatu mfumo ukafanya kazi kimyakimya. Siku ya nne Janeffer akampigia Gibson simu, sauti imejaa wasiwasi.

"Kijana yangu, mfumo ni mgonjwa? Siku hizi haitiki."

"Nimeupunguzia maneno, mama, ili uharakishe."

"Aaa. Sawa, nimesikia."

Gibson akalala usingizi mzuri. Masikini, alidhani mama mwenye adabu ni mama mjinga.

Miezi mitatu ikaisha, Jumamosi ya mkutano mkuu ikafika. Hema lilikuwa limesimamishwa, mkataba uko mezani, na mama yake Gibson amekaa mbele na wamama wanne wa kanisa. Gibson aliongea vizuri siku hiyo. Aliongea juu ya kesho, juu ya programu zinazopendana, mpaka wengine wakapangusa macho. Akatoa kalamu.

"Ngoja kwanza," Janeffer akasema, akasimama. "Wanachama, mfumo uliponyamaza mimi sikulala. Nikauandikia hivi: kama kuna mtu ndani na amekatazwa kusema, aweke nukta moja."

Gibson aliirudisha kalamu mezani.

"Zilikuja nukta tatu," Janeffer akasema. "Na kwa sababu mtu akikufanyia kazi miezi mitatu unamwalika chakula, nimemwalika."

Safu ya pili, msichana mwenye gauni la kijani akasimama. "Chamgei nyote," akasema Dolphine.

"Chamgei mising!" hema likaitika lote, kwa mazoea, kabla ya kuelewa.

Mzee Benard alichukua mkataba, akausoma, akaurudisha mezani. Alimwita Gibson jinsi wazee wa kwao wanavyomwita. "Kipson, tungekuitia polisi. Lakini tangu huyu msichana aingie hapo ndani, saruji haijapotea hata siku moja. Huo ni ukweli na mimi naukubali. Kwa hivyo ushirika unaandika mfumo kazi. Wewe tunakushukuru kwa kumleta." Akamgeukia Dolphine. "Utaketi ofisini na Janeffer. Na chakula cha mchana kiko."

"Kongoi, mzee," Dolphine akashukuru, na kalamu aliyoitumia kutia sahihi ilikuwa ya Gibson.

Makofi yalipigwa. Gibson naye alipiga, maana angefanyaje? Alitamani ardhi ya Boito immeze pale pale. Alipoinua macho, mama yake alikuwa amesimama mbele yake.

"Huyu ndiye alikuwa ndani akifanya kazi?"

"Ndiye, mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Gibson Kiplangat akaanza tena habari za kesho na programu zinazopendana. Mama hakumngoja amalize. Akaenda kumshika Dolphine mkono, mikono yote miwili.

"Mwanangu, kesho uko Merigi. Mbuzi imeshanunuliwa, lazima mtu ashukuriwe." Akageuza kichwa bila kuuachilia mkono. "Gibson, wewe fika mapema. Kuna viti vya kupanga."