Kandambili Ndani ya Springi

Jumatatu, 24 Juni 2024 (17 Mfunguo Tatu 1445)

Alhamdulillahi, mjukuu wangu Muzdalifa anaolewa wiki ijayo. Nyumba ya mumewe ipo Kidichi. Limebaki suala moja tu, nalo ni zito: nani atakayemwendesha bi harusi siku hiyo? Mimi ni babu yake mzaa mama. Bwana Kheir ni babu yake mzaa baba. Sote wawili tumemwita "mke wangu" tangu alipokuwa akitambaa, kama ilivyo ada ya mababu. Sote wawili tuna magari. Yangu ina jina: Subira. Ya Bwana Kheir haina jina, ina rangi tu.

Jana tulibishana mbele yake hadi chai ikapoa. Muzdalifa akacheka. "Basi nendeni Jumapili kwenye machimbo ya mawe karibu na Chwaka," akasema. "Vijana wana mashindano ya magari. Atakayemshinda mwenziwe ndiye atakayenipeleka kwa mume." Alisema kwa mzaha. Bwana Kheir alikubali kwa dhati. Nami singeweza kurudi nyuma mbele ya mke wangu.

Je, inajuzu? Nimelitafakari baada ya magharibi. Mashindano ya farasi yanajuzu, madamu hapana kamari, na sisi hatukuweka fedha. Magari sikuyakuta katika vitabu nilivyosoma. Lakini kijitabu cha Subira chasema injini yake ina nguvu za farasi sitini. Farasi sitini! Moyo umetulia.

Ila kuna kasoro. Subira ikipinda kona hulala ubavu kama mgonjwa. Springi zimechoka. Bwana Kheir ameshaletewa springi mpya kutoka Dubai na mwanawe, ambaye ni mkwe wangu. Mimi nitatumia akili, ambayo haipiti forodhani.

Jumanne, 25 Juni

Fundi Bakar wa Ng'ambo ana sifa moja kubwa: hajapata kusema haiwezekani. Nilimweleza kwamba gari ya mashindano yapasa kuwa chini, nikamwuliza kama springi zaweza kupunguzwa urefu. Inawezekana, Maalim. Akazikata kwa msumeno wa chuma, kila moja pete yake. Subira ikashuka. Haiba iliyoje! Nikarejea nyumbani taratibu, ili watu waone.

Waliona. Mbele ya msikiti wetu pana tuta. Tuta lile nililipigania mwenyewe kwa sheha wa mtaa wetu, kwa ajili ya usalama wa wanafunzi wangu wa madrasa. Nilimwomba alijenge refu. Alilijenga refu. Magurudumu ya mbele yalivuka salama, kisha tumbo la Subira likakaa juu ya tuta na halikutaka tena kuondoka. Watu ndiyo kwanza walikuwa wakitoka kusali alasiri. Msikiti mzima ulinisukuma.

Bwana Kheir hakusukuma. Alisimama na tasbihi yake. "Maalim," akasema, "gari yako imesujudu. Iambie basi iinuke." Watu wakacheka ndani ya mikono ya kanzu zao. Nilimwambia kwamba ibada si jambo la mzaha. Akaniitikia kwamba ni kweli kabisa, na springi nazo si jambo la mzaha.

Jumatano, 26 Juni

Imebidi Subira ipandishwe tena. Fundi Bakar anasema tupachike mpira mgumu baina ya pete za springi. Gari itanyanyuka, na itakaza. Mpira utoke wapi?

Nikakumbuka sanduku la kandambili zilizosahauliwa msikitini. Mali iliyookotwa ina hukumu zake: hutangazwa mwaka mzima. Hizi zimo sandukuni zaidi ya mwaka. Hata hivyo, kwa tahadhari, nilizitangaza tena baada ya adhuhuri. Mara tatu. Kwa sauti ya wastani. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, nami sikupenda kumsumbua mtu akiwashe. Hakutokea mwenyewe.

Miongoni mwazo ilikuwamo moja ya kijani, ya mguu wa kushoto, nene, mpira wa zamani usioonekana tena madukani. Nimeipa nafasi ya heshima: springi ya mbele, upande wa dereva. Fundi Bakar aliichonga kidogo pembeni ikaingia. Jioni nilivuka tuta bila kugusa. Nilimpungia sheha mkono.

Alhamisi, 27 Juni

Mambo mawili leo, yote ya kheri.

La kwanza, wakati. Vijana wa Chwaka walikusudia kuanza asubuhi na mapema. Nimempigia kiongozi wao simu na kumnasihi waanze baada ya adhuhuri, ili pasiwe na mtu atakayeendesha huku deni la sala liko mabegani. Amekubali kwa adabu. Nia yangu ni safi. Ni kweli pia kwamba Bwana Kheir akishakula cha mchana husinzia hata akiwa wima. Kheri mbili zaweza kukutana katika saa moja.

La pili, shokapu, yaani zile bomba za mafuta zinazoituliza springi isirukeruke. Za Subira ni za kizamani, hufunguliwa kichwani. Fundi Bakar alizifungua: kavu! Akasema ninunue mpya. Nikamtazama. Akasema, au mafuta yoyote mazito, Maalim, inawezekana.

Dirishani jikoni ilikuwapo chupa ya mafuta ya nazi ya mke wangu, Bi Duni. Asubuhi nilikuwa nimeyaona: meupe, mazito, yamesimama chupani kama mshumaa. Mchana yalikuwa yamekubali kumiminika. Nikaona huo ni upole wa tabia. Yote yameingia, hata tone halikumwagika.

Jioni Bi Duni akaulizia chupa yake. Akanieleza kwa kirefu kwamba kipupwe hiki huianika juani kila siku, maana asubuhi haitoki kitu hata uipigie magoti. Sikuona maana ya habari hiyo. Nilimwahidi chupa nyingine. "Nshakwambia usinchezee vitu vyangu, Maalim," akasema. "Nshakwambia."

Ijumaa, 28 Juni

Hapana kazi leo. Hotuba ilikuwa juu ya kiburi na madhara yake. Hotuba nzuri mno. Nilimtazama Bwana Kheir tangu mwanzo hadi mwisho, nikitumai anasikiliza.

Jumamosi, 29 Juni

Jaribio! Mara baada ya alfajiri, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya madrasa. Palikuwa na baridi; Bi Duni alinifungulia mlango wa ua amejitanda kanga mbili. Nilizunguka mara moja tu, nisichelewe darsa. Mara moja ilitosha. Kona ya kwanza, Subira wima. Kona ya pili, wima. Haikulala, haikuyumba, haikutikisika. Ngumu kama sakafu ya msikiti. Sikuamini kwamba ni gari ile ile.

Bwana Kheir alikuwa amesimama ukutani akitazama. Uso ulimbadilika. Baada ya darsa akaja nyumbani, akakaa, akapewa kahawa. Akanena kwa upole kwamba tuyaache haya. Iende gari yake na mimi nikae pembeni yake, au iende yangu na yeye akae pembeni yangu. "Mtoto ni wetu sote, Maalim," akasema. "Na mimi na wewe tumebakiwa na harusi ngapi za kuziona?"

Nilikuwa karibu kukubali. Wallahi nilikuwa karibu. Kisha nikakumbuka "imesujudu". Nikamjibu kwamba tutakutana machimboni, inshallah. Akamaliza kahawa yake, akaaga.

Bi Duni amenilaumu. Amesema mtu mzima mwenzangu ameshuka, na mimi nimekataa kushuka. Nilimkumbusha kwamba iliyoshushwa ni Subira, na imekwisha kupandishwa.

Jumapili, 30 Juni

Naandika kwa ufupi. Kiuno kinauma.

Tulisali adhuhuri Chwaka. Jua lilikuwa kali, la kuchoma mawe. Muzdalifa hakuja, yumo ndani anasingwa liwa, kama ada ya bi harusi. Alimtuma mdogo wake Ulfat na simu, ampigie picha za mambo yote. Nilivalishwa kofia ngumu ya mashindano. Nilikataa kuvua kofia yangu ya kawaida, basi ile ngumu ikakaa juu yake, kidogo upande.

Bwana Kheir alitangulia. Alipiga miayo mstarini! Nilimshukuru Mola. Akaondoka kama mtu aendaye kununua mkate. Lakini kila kona gari yake ilibaki wima, na akafika.

Zamu yangu. Bismillahi. Kona ya kwanza sikuielewa: Subira ililala ubavu, ikainuka, ikalala ubavu wa pili. Nikaongeza mwendo. Tukafika penye mabonde. Ikashuka, na ilipopanda haikukumbuka kuacha kupanda. Ikashuka tena. Ikapanda. Kofia ya juu ikaisukuma ya chini, ya chini ikanifunika macho. Nikawa naendesha kwa dua. Nilipofanikiwa kuinua kofia, tulikuwa ndani ya lundo la mchanga, na injini imezimika.

Kisha harufu. Mafuta yalikuwa yakitoka kwenye shokapu na kudondokea chuma cha moto. Mtu mmoja katika umati akauliza, "Jamani, nani anapika vitumbua?" Mwengine akaitikia, "Maalim! Na sisi tupe, vingali vya moto!" Ulfat hakushusha simu hata mara moja.

Fundi Bakar, niliyekuja naye, akapiga jeki, akatoa gurudumu la mbele. Bwana Kheir akaja, nikadhani amekuja kunicheka. Akainama. Akachungulia ndani ya springi.

"Hii si kandambili yangu?" akauliza. "Ya kijani? Ya kushoto?"

Nilimwambia ilitangazwa. Akataka kujua ilitangazwa wapi. Msikitini, nikamwambia, mara tatu. "Kwa kipaza sauti?" Nikamwuliza Fundi Bakar kama kazi itachukua muda.

"Ya kulia nimeiweka mpaka leo," akasema Bwana Kheir, si kwa hasira; kwa huzuni, kama mtu anayemtaja ndugu aliyesafiri. "Nikisema, ipo siku wataonana."

Nyumbani Bi Duni amenifahamisha kwamba mafuta ya nazi wakati wa kipupwe huganda alfajiri na huyeyuka mchana, jambo ambalo kila mwenye nywele Unguja analijua. Nilimjibu kwamba mimi huvaa kofia.

Sikuweza kula. Siku ya kwanza ya Muzdalifa kwenda chuo cha Kurani nilimpeleka mimi, ndani ya Subira, amekaa kiti cha nyuma amekumbatia juzuu yake kwa mikono miwili, akiniuliza kila kona kama tumefika. Nilitaka nimpeleke na safari hii. Lilikuwa ni hilo tu.

Ijumaa, 5 Julai (28 Mfunguo Tatu)

Amekwenda kwa mumewe. Allah awape mapenzi na maelewano.

Nilisimama upande wa pili wa njia, kanzu nyeupe, bakora mkononi. Subira ipo juu ya matofali kwa Fundi Bakar. Nilikuwa nimekusudia kuwaaga kutoka pale pale, kisha nirudi ndani nijifanye nina wanafunzi. Vigelegele vikapigwa. Muzdalifa akatoka amefunikwa, akaingizwa katika gari ya Bwana Kheir. Mlango haukufungwa. Nikasikia sauti yake kutoka ndani: "Babu yangu mwengine yuko wapi?"

Bwana Kheir akashuka, akavuka njia hadi niliposimama.

"Panda, Maalim," akasema. "Springi ni zangu. Mke ni wetu."

Nikapanda mbele, pembeni yake. Pale pale aliponiambia Jumamosi.

Springi za Dubai ni ngumu. Kwenye tuta langu tuligonga dari sote watatu, na Muzdalifa, aliyekuwa akilia, akaanza kucheka. Tulipotoka mjini aliniwekea mkono begani, mkono wenye hina mbichi kidogo, na hakuuondoa mpaka Kidichi. Alama imebaki kwenye kanzu. Bi Duni anataka kuifua. Nimemkatalia.

Jambo moja jengine. Wakati wa kushuka nilitazama miguu ya Bwana Kheir. Kanzu mpya, joho, kilemba. Na miguuni kandambili za kijani, zote mbili. Ya kushoto ilikuwa imemegwa pembeni na ina mkunjo wa springi katikati. Nilijifanya sikuona. Naye alijifanya hakuniona nikiona.

Jumamosi, 6 Julai

Nimekaa na nafsi yangu na kuihesabu, kama inavyompasa Muislamu. Nimelitambua kosa langu, nami sioni haya kulikiri. Mafuta ya nazi hayana msimamo. Ni mafuta ya kichwani. Niliyabebesha kazi isiyokuwa yao.

Zimekuja habari kwamba Ulfat ameposwa. Mchumba ni wa Chwaka. Chwaka ni mbali kuliko Kidichi, na safari ndefu yataka gari iliyotulia. Bwana Kheir asubuhi hii ameonekana akiosha gari yake, na haikuwa chafu.

Baada ya alfajiri nilifungua kabati la jikoni kutafuta sukari. Nikaikuta samli ya Bi Duni, kopo zima. Nikachomeka kijiko. Kilisimama wima! Nilikiachia mkono, kikabaki kimesimama, hakikuegemea popote. Nikasimama mbele yake muda mrefu. Subhanallah, kitu kizito namna ile kilikuwamo nyumbani mwangu siku zote.

Fundi Bakar anasema inawezekana.

Namsikia Bi Duni jikoni akiuliza samli yake iko wapi. Naweka kalamu chini sasa hivi, niingie katika uradi. Uradi mrefu. Na mtu aliyemo katika uradi hasemeshwi.