Tanzia ya Tirisi, Mbeba Ngao

Jumatatu, 9 Februari

Nimetazama kifo cha Tirisi tena. Nimelia tena, palepale anapovua ngao. Nilidhani nimezoea.

Mama akiuliza ninafanya nini na simu kutwa nzima, nasema nasoma. Si uongo. Namsoma Tirisi.

Kwa atakayeokota shajara hii nikiwa maarufu: Meza ya Moshi ni kipindi cha mtandaoni. Watu sita wanaketi mezani Nairobi. Mmoja ni Msimulizi, anaeleza milima na majoka na mvua. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Wanarusha dadu, na dadu inaamua kama upanga umepata au umekosa. Hakuna mavazi wala majoka. Ni meza, vikombe vya chai na watu wanaoongea. Na bado nalijua daraja lao kuliko daraja la mto Sosiani ambalo navuka kila nikienda mjini.

Tirisi ni mbeba ngao. Hasemi mpaka aulizwe. Wakiingia mahali anakaa karibu na mlango. Wenzake wakigombania sifa, yeye anaosha sufuria. Sijawahi kuona mtu kama mimi akipewa ngao.

Mwisho wa msimu wa pili anaanguka na daraja. Wenzake walikuwa wakipigana na zimwi, yeye akawapa mgongo, akavua ngao, dadu ikamkataa. Baadaye mtoto Pindo alikutwa ng'ambo, mzima, ameikumbatia ile ngao. Mimi nasema alimpa. Tabby Wahu, msimamizi wa kikundi chetu cha mashabiki hapa Eldoret, anasema Tirisi alikuwa anatoroka, akaitupa ngao awe mwepesi, mtoto akaiokota tu.

Jumamosi tunakutana kutazama upya kipindi hicho na kupiga kura. Matokeo yataandikwa kwenye ukurasa wa wahusika, ambao mashabiki wa nchi nzima husoma. Shujaa au mwoga. Litakaa hapo daima.

Tabby ataongea. Tabby akiongea hata mimi huanza kukubali. Alikuwa bingwa wa mdahalo shuleni kwao na sauti yake haitetemeki. Mimi niliwahi kupewa matangazo nisome kanisani. Nilisoma tarehe, nikaketi.

Lakini nina kitu ambacho Tabby hana. Leo, kwa spika za masikio, nimesikia. Tirisi anasema "ninavua ngao", wenzake wanacheka jambo lingine, na chini ya kile kicheko anaongeza neno moja: "ninainama."

Nani hutoroka kwa kuinama? Unainama ukitaka kufikia kimo cha mtoto.

Jumanne, 10 Februari

Mpango. Nitarekodi hoja yangu kwenye simu, Jumamosi nibonyeze tu, nikae karibu na mlango.

Nimejifungia stoo kati ya magunia ya mahindi. Nimejisikiliza. Ni kifaranga ndani ya kasha. Jogoo wa jirani amejibu kila aya, kwa kujiamini kuliko mimi.

Nimerudia kwa sauti ya chini zaidi. Mama akauliza kupitia mlangoni ninanong'ona na nani, na kama huyo kijana ana wazazi.

Mpango umefutwa.

Jumatano, 11 Februari

Nina mpango mpya na ni mzuri mno.

Nimekumbuka mazishi tuliyohudhuria mwezi jana. Marehemu alikuwa mgomvi, kila mtu alijua. Lakini tanzia iliposomwa hakuna aliyekohoa. Maadui zake waliinamisha vichwa. Tanzia haikatizwi, haijibiwi, haipigwi mdahalo. Hata Tabby hawezi.

Basi nimeandika tanzia. "Kwa huzuni kuu tunatangaza kuondokewa na mpendwa wetu Tirisi, binti mpole, mtumishi asiyejisifu, aliyepoteza maisha darajani akimwokoa mtoto ambaye hakuwa wake." Na kadhalika, pamoja na hoja ya kuinama, na juu kabisa tarehe na mahali pa mkutano wa Jumamosi. Nililia nikiandika, ishara kwamba ni nzuri. Bado sikuwa na msomaji, ila kila kitu kwa wakati wake.

Mvua ikaanza, nikakimbia kuanua nguo. Niliporudi, Mama alikuwa amesimama mezani, karatasi mkononi, na leso yake machoni.

Akauliza Tirisi nilimjua vipi. Nikasema tumekuwa pamoja miaka miwili. Ni kweli. Akauliza kwao ni wapi. Nikasema ng'ambo ya milima. Mama akasema basi ni Marakwet, maskini, na barabara zile. Akauliza wazazi wake wamepokeaje. Nikasema hawajulikani. Hapo Mama aliketi. Akasema yatima, na bado akamfia mtoto wa watu. Kisha akawasema makandarasi wa madaraja kwa maneno ambayo sitayaandika.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini wakati huohuo Mama akasema maneno mazito hivi yanahitaji sauti nzito, na kwamba atamwomba Mzee Okumu, mzee wa kanisa, aje asome hiyo Jumamosi.

Mzee Okumu! Mzee Okumu akisoma orodha ya usafi wa kanisa watu husema amina.

Nikafunga mdomo.

Ijumaa, 13 Februari

Nilidhani atakuja Mzee Okumu peke yake. Sijui kwa nini nilidhani hivyo. Naishi katika nchi hii tangu nizaliwe.

Mama alimwambia Mama Hulda, mwenyekiti wa kina mama kanisani. Jikoni hapapitiki sasa. Mandazi yamejaa beseni. Mama Hulda amenikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda. Akaniambia nilie tu, mwanangu, kilio ni dawa. Nikalia kweli, kwa sababu nyingine.

Akamuuliza Mama kwa nini mkutano uko nyuma ya hoteli mjini na si nyumbani kwa mtu. Mama akajibu kwamba marehemu hakuwa na kwao. Mama Hulda akasema, "Basi sisi ndio kwao," na akaongeza unga.

Watu wazuri hivi. Nimeandika ujumbe wa kumwambia Mama ukweli. Nimeufuta. Nimeuandika upya kwa adabu zaidi. Nimeufuta.

Najiambia hivi: Tirisi amekufa. Hilo si uongo. Tofauti ni mahali tu.

Jumamosi, 14 Februari

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Hoteli ni ya shangazi yake Tabby. Kwa kuwa leo ni Valentaini, alikuwa ametundika baluni nyekundu chumba kizima. Mama Hulda aliingia na kina mama wenzake, leso zimefungwa viunoni, chupa za chai mikononi, Mama na Mzee Okumu nyuma yao. Akazitazama baluni. Akaomba zitolewe, kwa upole unaoogopesha. Zikatolewa.

Mashabiki walidhani ni mpango wa Tabby. Tabby alidhani ni wateja wa shangazi. Mimi nilikuwa karibu na mlango.

Tabby akaanza, kwa sauti ile ya mdahalo. Akasema tuache hisia tuseme ukweli: Tirisi alikuwa mwoga, na tangu kipindi cha kwanza dalili zilionekana.

Mzee Okumu akanyanyuka na bakora yake taratibu. Akamwita Tabby binti yangu. Akasema hamfahamu, na pengine amelelewa vizuri, na uchungu humfanya mtu aropoke. Lakini marehemu hasemwi vibaya mbele ya waliompenda. Kwa hiyo Tabby atasema jambo moja jema juu ya Tirisi, kisha ataketi.

Nimemwona Tabby akimshinda mwalimu kwenye mdahalo. Sijawahi kumwona mtu akimshinda Tabby. Alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Halafu akainamisha kichwa kwa Mzee, akasema kwa sauti ndogo kwamba Tirisi aliosha sufuria za wengine safari nzima na hakuna aliyemshukuru. Akaketi. Ilikuwa hoja nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko zangu.

Mzee akawaomba wengine waliomjua washuhudie. Khisa, anayekuja kutoka Burnt Forest na huwa upande wa Tabby, alisimama akasema Tirisi aliwahi kumpa mwenzake blanketi akalala na ngao. Jepkemboi, shabiki mwingine, akakumbusha siku alipokataa kumpiga adui aliyelala. Kina mama wakaguna, wakatikisa vichwa. Mama Hulda akasema vijana wa siku hizi kumbe wanapendana.

Ikaja tanzia. Mzee akapapasa mfuko wa koti. Akapapasa mwingine. Alikuwa ameacha miwani nyumbani. Akanipa karatasi.

Nilisoma tarehe. Nikataka kuketi. Lakini mbele yangu Mama alikuwa ameshika leso, ananiangalia kama mtu anayemshikia mtoto baiskeli. Nikasoma mstari wa pili. Kisha wa tatu. Nilipofika kwenye kuinama, nikaacha karatasi, nikaonyesha kwa mikono: hivi ndivyo mtu anavyovua ngao, hivi ndivyo anavyoshuka hadi kimo cha mtoto, hivi ndivyo anavyoiweka mikononi mwa huyo mtoto. Sauti ilikuwa yangu. Ilifika hadi ukutani.

Hakuna aliyekohoa. Tabby alikuwa anapangusa macho na anajifanya hapangusi.

Ningeweza kufa wakati huo nikiwa na furaha. Badala yake Mzee Okumu akauliza maziko ni lini.

Khisa, ambaye hajawahi kuficha kitu maishani mwake, akajibu kwamba mwili haujapatikana, ila huenda msimu wa tatu.

Mzee akauliza msimu gani wa tatu, wa mvua? Khisa akasema hapana Mzee, wa kipindi, akawasha televisheni kumwonyesha.

Watu sita, meza, vikombe vya chai.

Mama alitazama televisheni. Akatazama mandazi. Akanitazama mimi. Mama akinyamaza hata paka hutoka nje.

Mama Hulda ndiye aliyesema. Alisogeza kiti mbele akauliza Tirisi ni yupi hapo. Akaonyeshwa. Akaomba kimya. Walitazama daraja lote, na lilipovunjika mama mmoja alipiga yowe. Mama Hulda akataka irudishwe nyuma, hapo kabla ya kuanguka, hapana, nyuma zaidi. Akasema mwenye makosa ni Msimulizi: alijua mbao zimeoza, na akamwacha binti wa watu apite. Mwingine akasema la, kosa ni la wale wenzake, ambao hata kuuliza mtoto yuko wapi hawakuuliza. Wakabishana mpaka chai ikaisha.

Tabby akajaribu kusema kwamba ushuhuda wa leo usihesabiwe, kwa kuwa umepatikana kwa hila. Mzee Okumu akamwambia ushuhuda uliotolewa mbele ya watu haumezwi tena. Kura ikapigwa. Shujaa. Tabby mwenyewe aliandika kwenye ukurasa wa wahusika, na aliandika vizuri, na sufuria akaziweka mwanzoni.

Nikabeba beseni tupu hadi nyumbani nyuma ya Mama. Njia nzima hakugeuka.

Jumapili, 15 Februari

Mama amezungumza. Amesema hakukasirishwa na mchezo. Amesema aliamka alfajiri kumwombea mtoto yatima, na mimi nilimsikia kupitia ukuta, nikanyamaza.

Ni kweli nilimsikia.

Hukumu: Alhamisi, kwenye mkutano wa kina mama, nitasimama mbele yao wote na kuomba msamaha kwa mdomo wangu. Si kwa karatasi. Nikauliza kama naweza kurekodi. Mama akasema niondoke mbele yake.

Baadaye aliniletea chai chumbani. Aliiweka, akafika mlangoni, akasimama. Akasema nilisoma vizuri. Akasema pale kwenye kuinama ndipo alipoamini kabisa.

Nimeapa. Sitamdanganya Mama tena, wala kwa kusema wala kwa kunyamaza. Naandika hapa ili nisisahau. Mipango imekwisha. Alhamisi nitasimama wima kama Tirisi na kusema ukweli.

Jumatatu, 16 Februari

Msimu wa tatu umeanza leo mchana.

Mto ulimtupa kando. Mvuvi mmoja alimkuta. Amevunjika mkono, hana ngao, hasemi mpaka aulizwe. Tirisi yu hai!

Nimeruka hadi jogoo wa jirani akakimbia. Nikatafuta wa kumwambia. Nilikuwa nusu ya njia kwenda jikoni kwa Mama nilipokumbuka Alhamisi, nikasimama.

Kina mama wote. Macho yote yale. Na mimi katikati, nikiomba msamaha kwa tanzia.

Lakini mtu akiwa hai, tanzia si inafutika? Na tanzia ikifutika, msamaha ni wa nini? Watu hawaombi msamaha marehemu akirudi. Wanafanya shukrani. Na kwenye shukrani hakuna anayehojiwa, watu wanaimba tu. Mzee Okumu huongoza nyimbo vizuri sana.

Mvua inanyesha. Mama ameniita nikaanue nguo. Karatasi mpya nimeiacha mezani, imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na Mama ameketi palepale karibu:

"Familia na marafiki wa Tirisi, kwa furaha isiyo kifani, wanakukaribisha katika ibada ya shukrani."

Sijasema uongo wowote. Mandazi hiari.