Ute Wangu Utasimama

Jumatatu, 4 Machi
Mtoto anakula kiini cha yai tu. Ute unabaki, na kuumwaga roho inaniuma. Mama Keki, mwoka keki wa nyumba ya pili, anatafuta msaidizi. Kasema mimi na wifi yangu tumpelekee Jumamosi ute tuliouhifadhi wenyewe. Ambaye wake utapigwa ukasimama kama kilima, kazi ni yake. Na mtoto unakwenda naye mgongoni. Naitaka kazi hii mpaka naiota.

Jumanne, 5 Machi
Wifi anagandisha wake kwenye kitrei cha barafu, kila kijumba yai moja. Ana akili huyu binti, Mungu amzidishie. Nikamsifu. Akaniambia wifi, sifa hazitoi povu. Wangu nimeutia kwenye kopo la siagi. Mfuniko unabana vizuri. Ndani nimepafuta kwa kitambaa.

Alhamisi, 7 Machi
Kiini kimenipasukia, tone likaingia koponi. Nimelikoroga lipotee. Mume wangu akauliza mbona ute una rangi. Nikamwambia ni afya. Akasema mke wangu, wewe hata maji utayaunguza. Ila akambeba mtoto nilale kidogo. Nimepata mume.

Jumamosi, 9 Machi
Mama Keki ana mkono jamani. Kapiga ute wa wifi, ukavimba mweupe kama pamba. Akaligeuza bakuli juu ya kichwa chake mwenyewe, hakikudondoka kitu. Nilipiga makofi mpaka mtoto akaamka. Wangu ukapigwa, ukapigwa, ukabaki supu. Akanusa kopo, akauliza mwanangu, hili lilikuwa la nini? Nikasema siagi. Akasema mafuta ni adui wa ute, hata tone, na kiini nacho ni mafuta. Wifi kapata kazi. Nikalia nyuma ya nyumba, mtoto akanifuta machozi kwa mkono wenye uji. Mama Keki akanifuata. Akasema oda zimezidi, atachukua na wa pili. Nijaribu tena Jumamosi ijayo, kwa chupa ya kioo, safi na kavu.

Jumapili, 10 Machi
Somo limeingia. Kopo nimelitupa. Wifi kanipa chupa yake bila hata kuombwa, roho nzuri mpaka naona haya. Nimeiosha kwa maji moto na sabuni, ikakauka juani. Ila ilikuwa imefifia, haipendezi mbele ya mtu kama Mama Keki. Nimeisugua ndani na nje kwa mafuta ya mtoto. Inang'aa. Safari hii kazi ninayo.