Koti la Kwenda Bulgaria

Ijumaa, 3 Agosti 1973

Mgeni kafika! Anaitwa Rumiana, msichana wa miaka ishirini na miwili, anatoka Bulgaria. Amekuja kujifunza Kiswahili na maisha yetu. Atakaa nyumbani kwangu hapa Temeke wiki mbili. Ndugu Kamugisha, afisa aliyemleta, ametangaza mbele ya mtaa mzima kwamba siku ya kuagana mgeni atamchagua mtu mmoja wa mtaa huu aende kukaa kwao miezi mitatu. Nauli juu yao. Chakula juu yao.

Mtaa mzima umepiga makofi. Mimi nimepiga kidogo tu, nisionekane nina tamaa. Lakini jirani yangu Albano, mchonga vinyago kutoka Newala, amepiga mengi mno. Kwa nini? Mgeni si wake. Nyumba yake haina hata chumba cha ziada. Nimeliweka akilini.

Jioni nimelitoa koti nililonunua kwenye kafa Ulaya, zile nguo kuukuu za Wazungu zinazouzwa mnadani. Jeusi, zito, linafika magotini. Nimelivaa nikatembea hadi jikoni na kurudi. Jasho! Zuena, mke wangu, kaniuliza kama nina homa.

Bulgaria! Mimi Hija, karani wa ghala, ambaye mbali kabisa nilikowahi kufika ni Morogoro.

Jumatatu, 6 Agosti

Mashaka. Mgeni kaanza masomo mjini leo, karudi saa nane mchana. Zuena kampikia wali wa nazi na mchuzi wa papa. Mgeni kala matonge mawili, kashika tumbo, kaomba radhi, kaenda kulala.

Nimemshuku papa. Nimemwonja, mzima. Nimemshuku Zuena. Zuena kaniangalia, nikaacha kumshuku.

Jumanne, 7 Agosti

Nimejua! Kazini nimeaga kwamba jino linauma, nikaja kukaa kwenye kona ya duka. Mgeni kashuka basini. Ulikuwa wakati wa chakula, kila baraza lina mkeka na sinia. Bi Somoe, balozi wetu wa nyumba kumi, kamwambia karibu chakula. Ni kawaida. Mtu anapita, unamkaribisha, anashukuru anasema ameshiba, anakwenda zake. Hakuna anayepungukiwa.

Mgeni kavua viatu akakaa! Kanawa mikono! Bi Somoe kabaki na tonge hewani. Nyumba ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Ya nne ni ya Albano. Yustina, mke wa Albano, kamkaribisha ming'oko, ile mizizi ya porini wanayoletewa kutoka kwao kusini. Mgeni kamaliza sahani. Albano alikuwa anacheka, meno yote nje.

Nyumba tatu za kwanza nazisamehe, zilishikwa ghafla. Lakini mtu anayecheka namna ile ana mpango wake. Nani asiyejua kwamba anayemshibisha mgeni ndiye anayekumbukwa?

Alhamisi, 9 Agosti

Nimempokea mgeni kituoni, nikampitisha njia ya nyuma, mbali na mabaraza. Nilijiona mjanja sana. Nilisahau jambo moja: nyuma ya nyumba ndiko majiko yaliko.

Tumekaribishwa mara saba. Mgeni kala mara saba. Mimi, mtu mwenye adabu zangu, nimekataa mara saba, nimesimama na mkoba wake huku harufu ya maharage ya nazi ikinitia kizunguzungu. Tumefika nyumbani saa kumi. Zuena kasema kama tumekula huko tulikotoka basi vyema, akafunika sufuria. Nimeapa kwamba sijala. Hakuniamini.

Ijumaa, 10 Agosti

Leo nimetumia elimu. Baada ya magharibi nimemkalisha mgeni nikamfungulia siri. Watu wa hapa wakikuita kwenye chakula, ni adabu tu. Mwenye adabu naye hujibu ahsante, nimeshiba, hata kama hajala tangu jana.

Mgeni kanikodolea macho. Kaniuliza kama ni hivyo kwa watu wote. Wote, nikasema. Kauliza kama ni kwa chakula peke yake. Nikamwambia ni kwa kila zawadi na kila mwaliko. Mtu mzima hakubali papo hapo kama mtoto mdogo. Kaandika yote kwenye daftari lake la kijani, kapigia mstari.

Nilitaka kuongeza kwamba mwenye nyumba naye hushikilia. Humvuta mgeni mkono, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka mgeni anakubali, na hapo ndipo watu hula. Lakini taarifa ya habari ikaanza redioni. Nitamwambia kesho.

Jumatatu, 13 Agosti

Ushindi! Mgeni sasa anapita mabaraza yote bila kukaa. Mkono kifuani, ahsante, nimeshiba. Bi Somoe kasema msichana huyu kalelewa. Nimeona fahari.

Tatizo ni kwamba na nyumbani pia anasema hivyo hivyo. Zuena kamkaribisha, kashiba. Zuena kamvuta mkono, kashukuru zaidi. Mara ya tatu kashukuru mpaka karibu apige magoti, kisha kaingia chumbani. Leo siku ya tatu. Anaishi kwa chai na biskuti za dukani. Zuena kaniuliza nimemwambia nini mtoto wa watu. Nimesema sijamwambia kitu.

Ni kweli sikumweleza lile la kushikilia. Lakini nikimweleza sasa, itaonekana nilimfundisha vibaya mara ya kwanza, na mwenyeji anayefundisha vibaya hapelekwi Bulgaria. Isitoshe, sidhani kama ana njaa. Mashavu yamepungua, ndiyo, lakini hilo linaweza kuwa jua. Mtu hawezi kukaa siku tatu bila kula. Anakula mahali. Nami napajua.

Jumatano, 15 Agosti

Nimejificha uani kwa Albano, nyuma ya magogo ya mpingo. Mgeni kaja kutazama uchongaji. Nikangoja niwasikie wakimkaribisha.

Hawakumkaribisha! Hakuna aliyesema neno. Yustina kapakua ugali na kisamvu, Albano kaweka patasi chini, kachukua sahani, kaiweka mikononi mwa mgeni kama mtu anayempa mwenzake nyundo amshikie. Kisha karudi kwenye kinyago chake. Mgeni kaangalia huku na huku. Hapakuwa na mwaliko wa kukataa. Kala. Kala haraka, kichwa chini, na machozi yakamdondoka.

Nimeona haya. Naandika ukweli, nimeona haya kabisa, kwa muda wa kama dakika moja. Kisha gogo likaniangukia kidole gumba cha mguu, nikapiga ukelele.

Albano kanikuta. Kaniambia shikamoo ingawa tunalingana, kaniuliza kama natafuta kuni. Nimesema nakagua mchwa. Kasema ahsante jirani, karibu ukague na upande wa pili. Mtu wa kawaida angekasirika. Kwa nini hakukasirika?

Ijumaa, 17 Agosti

Siku ya kuagana. Nitaandika yote.

Mtaa mzima umekusanyika uani kwangu. Ndugu Kamugisha kakaa mezani na fomu yake na kalamu ya wino. Koti nilikuwa nimelitundika msumarini, mahali pa kuonekana. Mgeni kasimama. Kiswahili safi! Kawashukuru wote, kisha kanigeukia mimi. Mimi! Kasema Baba Hija, karibu Bulgaria, ukae kwa mama yangu miezi mitatu.

Moyo uliruka. Lakini watu sitini walikuwa wananitazama, Bi Somoe mbele kabisa, na mimi si mtoto mdogo. Nikaweka mkono kifuani. Nikasema ahsante sana mwanangu, nashukuru, usijisumbue, hapa nilipo pananitosha. Nikainamisha kichwa nikingoja anishikilie.

Hakuna mkono ulionivuta.

Nilipoinua macho, mgeni alikuwa anatabasamu kama mwalimu aliyeona jibu sahihi. Kanishukuru kwa kumfundisha adabu mpaka siku ya mwisho. Kisha kamgeukia Albano akamkaribisha yeye.

Albano kasema naja, tunaondoka lini?

Ndugu Kamugisha kaandika jina. Nimemwendea mbio, nikamweleza kwamba hapana ya kwanza haihesabiwi. Kasema fomu haina mahali pa hapana ya pili.

Jumapili, 19 Agosti

Mgeni kaondoka jana. Zuena kalia. Mimi nimetafakari siku mbili, na sasa naona wazi kwamba kosa halikuwa langu. Kosa ni la watu wasiojua taratibu.

Ushahidi: asubuhi Albano kaja kuniaga mapema, ingawa safari ni mwezi ujao. Kaliona koti. Kalishika kola, kalisifu. Nikasema chukua tu, jirani. Kila mtu anajua anayesifu hujibu la, limekupendeza wewe. Albano kasema ahsante, kalivaa palepale. Limemkaa vizuri kuliko mimi. Hata vifungo vinafika. Kaondoka nalo kwenye jua lile!

Mchana wamepika pilau ya kusherehekea. Mtaa wote uko kwao. Zuena kaenda tangu saa tano. Yustina kachungulia juu ya ua, kaniita: Mzee Hija, karibu chakula! Nikajibu ahsante, shemeji, nimeshiba. Sijatia kitu mdomoni tangu jana jioni.

Hiyo ilikuwa saa saba. Hajaita tena. Nashuku Albano kamkataza. Nimekigeuza kiti changu kielekee kwao, wasipate taabu kuniona. Sasa ni saa nane na nusu na nasikia sufuria zinakwanguliwa.

Wataita tu. Ndiyo adabu.