Chali Mkekani kwa Premji

Newala, Jumatatu, 6 Julai 1908

Alfajiri nilidhani jirani yangu amekufa. Premji, yule Banyani muuza kaniki aliyepanga chumba cha pili. Alijikunja, akajinyoosha, akasimama kwa mguu mmoja. Halafu akalala chali mkekani, viganja juu, kimya kabisa. Kama maiti anayengoja kuoshwa! Nikamkimbilia Muharami, mpiga chuku wa mtaa huu, anayeumika watu damu kwa pembe. Kaja, kaanza kumsomea dua. Premji kafumbua macho, kauliza kama kuna chai. Muharami kaniita mpumbavu mbele za watu.

Nimemuuliza Premji ile ni nini. Kasema ni mazoezi ya viungo ya kwao, na kule kulala kimya ndiko kunakoyakamilisha: mwili unatulia, unapokea ulichoufanyia. Uvivu mtupu! Nani atamsifu mtu kwa kulala? Lakini kujikunja, hapo pana jambo. Muharami ana pembe zake za chuku. Mimi Nurdini nitakuwa Fundi wa Viungo. Huko kulala nimekufuta.

Jumatano, 8 Julai

Wanafunzi! Kwanza Mama Pili, ambaye mgongo wake umechoka kwa kushuka bondeni kuteka maji na kupanda genge, ule mteremko mkali, na mtungi kichwani. Kisha Petro, kaletwa na mkewe Getrude. Huyu alibebeshwa mizigo ya askari wakati wa vita vya Maji Maji. Tangu arudi hapati usingizi. Jani likianguka, anaruka. Getrude kanivuta pembeni. "Baba, sitaki awe hodari. Nataka alale tu." Yameniingia moyoni. Nikaahidi makubwa.

Nikawakunja barabara. Petro akataka kujilaza, nikamwinua. Mama Pili akageuza shingo upande wa Masasi, ikakataa kurudi. Kaenda kwao akitembea upandeupande, na njia yake, ole wangu, inapita mlangoni kwa Muharami.

Ijumaa, 10 Julai

Baada ya sala watu wamenisalimia kwa shingo zilizopinda. Kazi ya Muharami hiyo! Nikaamua kurudisha heshima yangu. Barazani, mbele ya wote, mguu nyuma ya kisogo. Ukaenda. Haukurudi. Muharami kavuta huku, Premji kavuta kule, nami nimepiga kelele isiyofaa kuandikwa. Kisha Premji kanilaza chali, kaniambia nitulie. Nikatulia. Mipango mizuri sana imenijia. Premji kasema anaisikia mpaka alipokaa.

Jumapili, 12 Julai

Siku gani hii! Akina Petro walipotoka kanisani, wamekuja uwanjani kwangu. Premji kaongoza mwenyewe; mimi nilisimamia. Kujinyoosha kidogo, polepole, kisha wote chali. Mama Pili, Getrude, Petro, hata Muharami aliyekuja kupeleleza. Kimya. Upepo tu. Kifua cha Petro kikapanda na kushuka, taratibu. Jogoo akawika karibu ya sikio lake. Hakushtuka. Amelala! Mchana kweupe! Getrude kainuka kumtazama, kajiziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtiririka.

Hapo katokea askari wa boma. Kaona watu wamelala safu, karudi nyuma: nani kawaua? Nikamweleza upesi kwamba ile ni dawa. Dawa! Neno hilo, hapa, baada ya vita! Watu walinyongwa kwa neno hilo. Kanikamata shingoni, twende bomani. Muharami kaketi taratibu, kasema, "Bwana askari, hapa hakuna dawa. Wamechoka, wanapumzika. Huyu ndiye hajui kupumzika, ndiyo maana anaropoka."

Askari kainama, kamtazama Petro usoni. Kumbe walikuwa safari moja vitani. Kauliza kwa sauti ndogo: analala kweli? Getrude kaitikia kwa kichwa. Askari kasema yeye pia halali. Kaniachia. Kavua buti, kajilaza kando ya Petro.

Jumanne, 14 Julai

Heri tupu. Petro kalala usiku kucha. Asubuhi yuko shambani, anapiga mluzi. Shingo ya Mama Pili inazunguka pote. Premji kafunga mizigo kwenda Lindi, kaniomba jambo moja kabla hajaondoka: nilale kimya, mara moja tu, mpaka mwisho. Nimemwambia baadaye, sina nafasi.

Maana sasa nimeelewa! Jambo lenyewe ni kule kulala! Na Masasi hawajui kupumzika, na Muharami aweza kunitangulia. Nimebuni njia yangu: kupumzika kwa haraka, kwa ngoma. Nikipiga, wote chali. Nikipiga tena, wote wima. Jioni hii nimeijaribu uwanjani, watu wakiwa wamejilaza. Petro kafumbua jicho moja, kaninyang'anya ngoma, kaiweka chini ya kichwa chake, kaendelea kulala.

Nimeazima nyingine. Naondoka sasa hivi kwenda Masasi, mbio, na kijiji cha Lulindi njiani napita bila kusimama. Watu kule wanahitaji kutulia upesi!