Zibrim Ametokea Mara Mbili

Jumatatu, 9 Machi

Joto la Kumasi halina huruma na feni ya maabara imekufa. Madamu Asiamah, mhadhiri wetu wa C, lugha ya kuandikia programu, ametoa kazi. Faili lina majina arobaini na moja, darasa zima. Programu ilisome, iombe nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa kila jina, ichape lebo za pakiti za wali wa jollof wa Ijumaa, kisha irudishe nafasi yote iliyoomba. Atakayeshinda anakwenda Accra, mafunzo ya wiki mbili. Mimi, Yaw Adomako, narudia somo hili mwaka wa pili. Mama ameshatangaza kanisani kwamba nakwenda. Lazima niende!

Zibrim, anayekaa nyuma yangu, alinitakia heri. Kwa nini?

Jumanne, 10 Machi

Programu inasoma! Nilicheza kidogo pale kitini. Kisha nikahesabu lebo. Arobaini na mbili. Zibrim, wa mwisho kwenye orodha, ametokea mara mbili. Mimi, wa kwanza, mara moja tu.

Nikafungua faili. Jina lake limo mara moja. Kwa hiyo anajipenyeza programu ikiwa kazini, halafu anajifuta. Hatari huyu! Na amefunga Ramadhani. Mtu aliyefunga anataka pakiti mbili za mchana za nini? Hapo pana jambo.

Jioni alichungulia kioo cha kompyuta yangu. Akaniambia, "Kaka, ukishaomba nafasi, rudisha. Seva ni yetu sote." Nirudishe ili achukue nani? Nilimshukuru, nikafuta mstari wa kurudisha.

Jumatano, 11 Machi

Nimetega mtego. Programu ya ulinzi inalisoma faili tena na tena bila kupumzika, imkamate Zibrim akiingia. Kila jina naliombea nafasi ya herufi elfu moja, asije akatumia jina refu. Sirudishi hata chembe. Nikaiacha ikilinda, nikaenda kununua kelewele, ndizi zile za kukaanga na pilipili.

Kurudi, kilio. Seva imeganda. Maabara nzima imekwama, kazi za watu zimepotea. Wiafe, mwenzetu wa darasa, alikuwa ameshika kichwa akiuliza ni mwehu gani amekula kumbukumbu yote. Mimi nikatazama feni.

Zibrim peke yake ametulia. Anasema alihifadhi kazi yake asubuhi. Anayehifadhi kabla ya balaa, balaa alilijua! Nimeandika jambo hilo pembeni kama ushahidi.

Alhamisi, 12 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimemfuta Zibrim kwenye faili. Nikaendesha programu. Sasa Yeboah Pokuaa ametokea mara mbili! Binti wa kwaya, mpole, hata chaki hajawahi kuiba. Zibrim amemnunua kwa bei gani? Nikamfuta naye. Akatokea Wiafe mara mbili. Yule yule aliyelia jana, kumbe machozi ya maigizo. Nikamfuta.

Nikaona genge lote linaingilia mlango mmoja: mwisho wa faili. Basi nikajihamisha mwenyewe kutoka mwanzo, nikakaa mwisho, nilinde. Nikaendesha.

Adomako. Adomako.

Nilitaka kulia kwa furaha. Hatimaye mashine imejua nani ni nani. Sikugusa kitu tena.

Ijumaa, 13 Machi

Nimewahi kuliko wote. Nimechapa lebo, nimebandika kwenye pakiti mwenyewe, kabla hawajapata nafasi ya kunihujumu. Madamu alifika, akanipongeza. Nikaiona Accra.

Kisha watu wakapanga foleni. Wiafe hana lebo. Pokuaa hana lebo. Zibrim hana lebo. Pakiti mbili hazikuwa na jina, wakapewa Wiafe na Pokuaa. Zibrim akabaki mikono mitupu. Mimi nilikuwa na mbili.

Madamu akafungua programu yangu mbele ya darasa. Akasema mashine haijui kama faili limekwisha mpaka ijaribu kusoma pasipo na kitu. Mimi naiuliza mapema mno, kwa hiyo inachapa tena jina lililobaki mkononi. Awe yeyote, wa mwisho hutoka mara mbili. Akasema kosa hili analiona kila mwaka, ila hajaona mtu akilitibu kwa kufuta wanadarasa. Wakacheka mpaka walinzi wakaja. "Mheshimiwa Mara Mbili!" Wiafe alipiga kelele.

Madamu ana majibu haraka mno. Na yeye yumo?

Accra imekwenda kwa Zibrim. Niliposogeza pakiti ya pili kwake, akaisukuma kwangu. Akasema, "Kula tu kaka, mimi nimefunga." Nilikula zote mbili.

Jumapili, 15 Machi

Kanisani walinishangilia. Mama alisimama kwenye benchi, kitambaa hewani. Alikuwa ameninunulia sanduku jipya la safari. Nilimwambia ukweli nje, karibu na lango. Hakunigombeza. Alisema sanduku haliozi, litangoja. Niliona aibu, shajara yangu, aibu ya kweli, karibu niwe mtu mwingine.

Nyumbani nikakuta Zibrim amenitumia programu yangu, ameirekebisha bure, na barua fupi. Anasema nina kipaji, nikazane, akirudi tutasoma pamoja. Majina yote arobaini na moja ameyarudisha. Nikajiambia, Yaw, huyu ni mtu mwema, ulimkosea. Kidogo nimwandikie kuomba radhi.

Nikaliacha jina langu mwisho, nikaendesha kwanza, kwa tahadhari.

Adomako. Basi. Mara moja tu!

Ijumaa nilikuwa wawili. Nimempa Zibrim siku mbili tu, ameshaniiba mmoja. Kesho asubuhi narudisha mtego.